Sura ya Sita: Mninga wa Inchi Nne

Fundi yeyote anayeshika mbao nene atafika siku moja mahali ambapo rauta inakoma na ubao bado upo. Ameshusha biti hadi mwisho, kitako cha mashine kimelala juu ya ubao, injini inavuma vizuri, na chini ya ncha ya biti kumebaki sentimita tano za mninga ambazo hazijaguswa. Hapo ndipo wazo la kwanza huja: nitafute biti ndefu zaidi. Sura hii inahusu utafutaji huo, kwa sababu fedha nyingi za mafundi zimeishia humo, na kwa sababu kwa mtu anayefanyia kazi Kashikishi, kwenye ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru, kununua kifaa kisichofaa si hasara ya fedha tu. Ni wiki nzima za kungoja zinazopotea.

Kashikishi ni mji wa samaki kwanza. Ukishuka kwenye basi linalotoka Mansa kupitia Mwense na Mwansabombwe, kinachokupokea ni harufu ya chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Lakini mji wa samaki ni mji wa mbao pia. Boti zinataka mbavu na mkuku, maghala yanataka milango, soko linataka meza za kubeba mzigo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazaliane, na miezi hiyo boti hupandishwa mchangani na mafundi huwa na kazi kuliko wavuvi.

Kiswahili husikika hapa pamoja na Kibemba, na si lugha ngeni. Misafara ya pwani ilifika kwa mfalme Kazembe kabla ya mpelelezi David Livingstone, ambaye mwaka 1867 alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Saleh, akiwa mkaazi. Leo Kiswahili kinavuka ziwa kutoka Pweto na kutoka Kilwa ya Kongo (si ile ya mkoa wa Lindi), na tangu 2018 kuna makazi ya wakimbizi wa Kikongo pale Mantapala, katika wilaya hiihii ya Nchelenge. Ndani ya karakana moja unaweza kukuta mti mmoja ukiitwa mukwa na mteja, mulombwa na msaidizi, na mninga na mtu wa Mbeya aliyekuja kununua samaki, na wote watatu wako sahihi.

Mninga ndio mti ninaouzungumzia zaidi. Umepewa sifa kwa haki: ukishakauka haupungui sana wala haupindi ovyo, hustahimili maji, na randa hupita juu yake bila ugomvi. Shida yake ni nyuzi. Mara nyingi nyuzi za mninga hupishana, safu moja ikilala huku na nyingine kule, na biti inayotikisika itazing'oa badala ya kuzikata. Mubanga ni mgumu na mzito zaidi. Mvule, unaopendwa na mafundi wa Tanzania na Uganda, una hila yake: ndani ya gogo huweza kujificha mawe ya chokaa yaliyotengenezwa na mti wenyewe, na jiwe moja linatosha kuvunja meno ya biti mpya. Kwa hiyo ninaposema mbao ngumu na nene, namaanisha vipande vya milimita 75, 100, hata 125, vya miti ambayo haimsamehe mtu mwenye haraka.

Sasa twende dukani. Biti za rauta zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni zile za masanduku, 12 au 15 kwa pamoja, zenye mkia mwembamba wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Mkia ni ile sehemu isiyokata, inayoshikwa na koleti ya mashine. Makali ya biti hizo zilizonyooka mara nyingi hukata kina cha milimita 25 tu. Ukipata yenye mkia wa nusu inchi, milimita 12.7, unaweza kupata makali ya milimita 50, na ukitafuta sana, 63. Kupita hapo unaingia katika bidhaa za watu maalumu: wachimba matundu ya kufuli, wenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mafundi wa chuma.

Kwa nini watengenezaji hawazirefushi tu? Chuma chenyewe hakikubali. Shika upondo wa mvuvi kwa ncha moja na usukume ncha ya pili, utaona: upondo mfupi hausogei, mrefu unayumba. Kwa biti, hesabu yake inajulikana na ni kali. Ukiongeza mara mbili urefu unaojitokeza nje ya koleti, kupinda kunaongezeka mara 8 kwa nguvu ileile. Ukipunguza unene kwa nusu, kunaongezeka mara 16. Maana yake ni kwamba biti ya mkia wa robo inchi inapinda mara 16 zaidi ya ile ya nusu inchi yenye urefu sawa. Hata tofauti ndogo kati ya mkia wa milimita 8 na wa 12 ni kupinda mara 5.

Namba hizo ndizo zinazoonekana kwenye ubao. Biti inayopinda haikati mstari ulionyooka; juu tundu linakuwa sawa, chini limehama. Inapopinda inarudi, inapinda tena, na sauti ya mashine inabadilika kutoka mvumo kuwa mlio wa kukereza. Makali yanasugua badala ya kukata, joto linapanda, kuta za tundu zinageuka nyeusi, na utomvu wa mninga unaganda juu ya makali kama lami. Fundi huona moshi akadhani biti ni butu. Mara nyingi haijawa butu bado. Imerefushwa kupita uwezo wake. Na ikikatika, inakatikia kwenye shingo, penye koleti, huku ikizunguka mara 24,000 kwa dakika. Ncha ya biti ya milimita 12 kwa kasi hiyo inakwenda mita 15 kila sekunde. Sitaki kumwona mtu yeyote akiwa mbele yake.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, ugeuze ubao.

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika sura hii. Nguzo ya mlango yenye milimita 100 haihitaji biti ya milimita 100 ikiwa unaweza kuifikia pande zote mbili. Inahitaji biti ya milimita 50 iingie kutoka upande huu, na iingie tena kutoka upande ule. Urefu unaojitokeza umekuwa nusu, na kupinda kumeshuka hadi moja ya nane. Biti ya inchi mbili na nusu yenye mkia wa nusu inchi, ambayo ukitafuta utaipata, inamaliza ubao wa inchi tano kwa njia hiyo. Mafundi wengi wanaoniuliza wapi watapata biti ndefu sana wanahitaji hiyo, na wanahitaji alama zilizopimwa vizuri.

Tuchukue tundu la kuingiza ulimi, linalopita nguzo nzima. Chora mistari kwenye uso wa kwanza, kisha zungusha mistari hiyo kwa skwea hadi uso wa pili, ukipima kila mara kutoka upande uleule mmoja ulioupiga randa na kuuthibitisha. Ukipima uso mmoja kutoka kushoto na wa pili kutoka kulia, matundu mawili hayatakutana, na hakuna biti duniani itakayokuokoa. Halafu toa nyama kwa drili au kwa keekee: matundu manne au matano yaliyopangwa katikati ya mistari, kila moja likichimbwa nusu kutoka juu na nusu kutoka chini. Sasa rauta haina kazi kubwa tena. Inasafisha kuta tu. Kwa biti ya milimita 12 katika mti mgumu, usishushe zaidi ya milimita 6 kwa mpito mmoja. Ni mipito 9 kila upande, na kila mpito unachukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Pembe zitabaki za mviringo. Zikwangue kwa patasi, au uviringishe kingo za ulimi kwa tupa. Vyote vinashika sawa.

Pale pande mbili zinapokutana patakuwa na ngazi ndogo, pengine nusu milimita. Ndani ya tundu haina madhara. Lakini kama unachokata ni ukingo unaoonekana, tuseme mkunjo wa meza au kipande cha mbele cha boti, ngazi hiyo haikubaliki, na hapo kuna biti zenye beringi. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi ya milimita 12 au 18, kilainishe mpaka kidole kisihisi kasoro, kiskurubu juu ya ubao. Kata kwa msumeno ukiacha milimita 2 nje ya mstari. Biti yenye beringi upande wa mkia itafuata kiolezo kwa nusu ya juu. Ondoa kiolezo, ushushe biti, na sasa beringi inafuata ukuta uliokwisha kukatwa wenyewe. Geuza ubao, weka biti yenye beringi nchani, nayo itafuata ukuta huohuo ikimaliza sehemu ya mwisho. Ubao mzima unakuwa na uso mmoja, bila ngazi, na hakuna biti iliyozidi inchi mbili.

Mafundi wa majahazi wa pwani, Lamu na Nungwi, walikuwa na kazi ya kupita mbao nene karne nyingi kabla ya injini. Walitumia keekee ya uta: kijiti cha chuma chenye ncha bapa, kishikio juu, na kamba ya uta inayokizungusha mbele na nyuma. Kila msumari mrefu wa jahazi hutanguliwa na tundu la keekee, la sivyo ubao hupasuka. Chombo hicho hakikujali sana urefu, kwa sababu kilizunguka polepole. Mtikisiko unaomtisha mwenye rauta unatokana na kasi, na nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi hiyo. Ndiyo maana fundi mwenye mashine ya kurekebisha kasi akishusha kutoka 24,000 hadi 16,000, nguvu ya kuyumba inapungua kwa zaidi ya nusu. Na ndiyo maana kwa tundu la kina kirefu naheshimu zaidi keekee ya mkono na biti ya kusokota kuliko rauta yoyote iliyorefushwa.

Zipo kazi ambazo ubao haugeuziki. Mlango uliokwisha kufungwa unaotaka tundu la kufuli la kina cha milimita 75 kutoka ukingoni. Mkuku wa boti uliokwisha kuunganishwa. Meza ya kanisa iliyojengewa ukutani. Hapo biti ndefu ina haki yake, na kuna za namna tatu.

Ya kwanza ni biti ya kufuli. Ina shingo ndefu na makali mafupi nchani, na ndiyo ninayoipendekeza zaidi, kwa kuwa shingo haigusi ubao. Unashuka hatua kwa hatua, na kila hatua makali mafupi ndiyo yanayofanya kazi. Kampuni kama Trend ya Uingereza hutengeneza vifaa vizima vya kuchimbia kufuli pamoja na biti zake.

Ya pili ni biti ya kabaidi tupu yenye mikato ya kusokota, inayotumiwa katika mashine za kompyuta na katika mashine za kuchonga chuma. Hizi hupatikana kwa unene wa milimita 12 na urefu wote wa 100 hadi 150. Kabaidi ni ngumu kupindika karibu mara tatu kuliko chuma cha kawaida, na hilo ni faida kubwa, lakini ikizidiwa haipindi, inavunjika kama kioo. Msokoto unaopandisha vumbi juu unasafisha tundu vizuri. Ujue tu kwamba unaivuta biti itoke kwenye koleti, kwa hiyo koleti iwe safi na ikazwe hasa.

Ya tatu ni kirefushi cha koleti, yaani bomba linaloshikwa na mashine na kushika biti kwa ncha yake ya pili. Kinauzwa, kinafanya kazi kwenye rauta ya mezani kwa biti nyembamba na kasi ndogo, na mimi sikipendi kwenye mashine ya mkononi. Kinaongeza kiungo kingine cha kuyumba mahali ambapo kuyumba ndiko tatizo.

Wapi pa kuzipata ukiwa Kashikishi? Njia yenye matumaini zaidi inaelekea Copperbelt. Tangu daraja la Mwanawasa lifunguliwe juu ya mto Luapula pale Chembe mwaka 2008, safari ya Mansa kwenda Mufulira, Kitwe na Ndola kupitia kipande cha ardhi ya Kongo haingoji tena pantoni. Na Copperbelt ni nchi ya migodi. Pana mafundi wa chuma na maduka yanayowahudumia, na maduka hayo ndiyo ya kuulizwa biti ndefu za kabaidi, si duka la rangi na misumari. Usiseme unatafuta biti ya rauta. Sema unatafuta kikata cha mashine ya milingi, kabaidi tupu, mkia wa milimita 12, na utaje urefu. Wenye jamaa Lubumbashi wana njia yao kupitia Kilwa ya Kongo, na wafanyabiashara wa samaki wanaofika Nakonde na Tunduma wanaweza kuagiza Kariakoo. Biti haina uzito. Mzigo wa shida ni maelezo yasiyo kamili.

Maelezo kamili ni namba tatu, na ziandikwe kwenye ujumbe, zisisemwe kwa mdomo: unene wa mkia, upana wa makali, na urefu wa makali. Muuzaji atapenda kukutajia urefu wa biti nzima kwa kuwa ndiyo namba kubwa, nayo haikusaidii. Biti ya milimita 110 inaweza kuwa na makali ya 50. Na mkia uwe wa koleti uliyo nayo. Mashine moja, kwa mfano Makita kubwa, huuzwa na koleti ya milimita 12 katika nchi nyingine na ya nusu inchi katika nyingine. Tofauti ni milimita 0.7 tu, na nimeona watu wakiziba kwa karatasi ya bati. Usifanye hivyo kamwe. Koleti inashika kwa kuzunguka mkia wote. Ikiguswa mahali pachache, biti itateleza, itashuka yenyewe ndani ya ubao, au itatoka.

Umeme nao uingie katika hesabu. Rauta yenye koleti ya nusu inchi hula wati 1,500 hadi 2,300. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, mgao wa umeme Zambia ulifikia saa nyingi za siku, na karakana nyingi zikaishi kwa jenereta. Jenereta ndogo ya wati 1,000 ikiendesha mashine hiyo, injini itasinzia kila biti inapoingia ubaoni, kasi itaanguka, na biti ndefu itakamatwa na ubao. Ni afadhali kusubiri umeme, au kutumia patasi.

Na mti wenyewe una bei isiyoandikwa kwenye risiti. Pete za mininga ya Zimbabwe zilipohesabiwa, ilionekana mti unahitaji karibu miaka 100 kufikia unene wa sentimita 35. Ndugu yake mukula, unaoitwa mkurungu kwetu, ulikatwa kwa pupa Zambia kwa ajili ya soko la samani la China, Luapula ikiwemo, hadi ukaingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 iliamuliwa ulinzi huo upanuliwe kwa jamii hiyo nzima ya miti Afrika, mninga ukiwemo. Fundi anaponunua kipande cha inchi nne, adai kibali cha msitu na akiweke. Na kipande hicho kikiharibiwa na biti iliyoyumba, hakuna kingine kitakachokua katika maisha yake.

Vumbi la mninga huwasha pua na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Vaa barakoa hata kwa kazi ya dakika tano, na fungua mlango unaotazama ziwa.

Biti ikifika, usiifunge kwenye mashine siku hiyohiyo. Pima mkia kwa vernia mahali patatu. Namba ziwe sawa. Ilaze juu ya kioo, mkia tu ukigusa kioo na makali yakining'inia nje ya ukingo, uizungushe kwa kidole huku ukiangalia ncha. Ncha ikipanda na kushuka, biti imepinda, na hiyo irudi ilikotoka. Ikitulia, ingiza mkia wote ndani ya koleti, ivute juu milimita 2 au 3 isikalie sakafu ya koleti, ukaze, washa mashine ikiwa hewani kwa kasi ya chini kabisa, na usikilize kwa dakika nzima kabla ya kuigusisha ubao.